Miguu Mifupi, Safari Ndefu

Kuna kuku ambaye akipita majanini asubuhi, kifua chake hulowa umande. Usidhani majani ni marefu. Yeye ndiye mfupi. Ukimwona kwa mbali utasema ameketi. Mngoje kidogo. Haya, anasogea! Anayumba kushoto, anayumba kulia, anakwenda mwendo wa bata, na tumbo lake liko vidole vichache tu juu ya ardhi.

Kuku huyu anaitwa Scots Dumpy. Kwao ni Uskoti, nchi ya milima, ukungu na manyunyu, kaskazini mwa Uingereza. Wako weusi, wako weupe, wako wenye marakaraka ya kijivu. Jogoo wao ana upanga mwekundu kichwani na hufikisha kilo tatu. Akiwika, utajua kwamba ufupi wake umeishia miguuni.

"Mjomba, ni mgonjwa?"

Ah, umeuliza vizuri. La, mwanangu, si mgonjwa. Ndivyo ukoo wake ulivyo, tangu bibi na babu.

"Akikimbizwa na paka je?"

Hapo ana kazi! Mbio hawezi. Ndiyo maana hapendi kuzurura. Hubaki karibu na banda, anachakura hapahapa, na zamu ya kuatamia ikifika, hutulia juu ya mayai, humwondoi. Wafugaji wanampenda kwa hilo. Mwili wake ni mpana na uko chini, mayai yote yanafunikwa, joto halipotei.

Sasa sikilizeni ajabu. Kuku huyu asiyeweza kwenda mbali aliwahi kutoka Uskoti mpaka Kenya. Vitukuu wake wakatoka Kenya, wakarudi Uskoti. Na walirudi wakati ndugu zao wa kule walikuwa karibu kwisha kabisa. Miguu mifupi, safari ndefu.

Hadithi hii ni bora aisimulie mwenyewe. Nimemwalika kuku mmoja wa ukoo huo, tumwite Bi Mfupi. Karibu, Bi Mfupi, panda hapa mkekani. Ngoja nikuinue, najua hata mkeka kwako ni kilima.

"Asante, Mjomba. Lakini hawa watoto mbona hawaniamkii? Mimi ni bibi."

"Shikamoo, Bi Mfupi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Sasa tunaweza kuzungumza.

"Sisi ni wa zamani. Wazee wa Uskoti husimulia kwamba enzi za Warumi tulikuwa walinzi. Eti askari wa Kirumi wakinyemelea usiku, sisi tulisikia vishindo vyao kabla ya binadamu, tukapiga kelele, wenyeji wakaamka. Kweli au chumvi? Mimi sikuwepo. Lakini hadithi ikinisifu, siikatai.

"Lenye uhakika ni hili. Mwaka 1852 tulipelekwa London kwenye maonyesho ya kuku. Zama zile Waingereza walishikwa na wazimu wa kuku. Kuku wakubwa wenye manyoya mpaka miguuni walikuwa wameletwa kutoka China, na kila mwenye fedha alitaka kuku ambaye jirani yake hana. Mabwana waliovaa kofia ndefu walikuja kututazama. Iliwabidi wainame. Wakainama tena. Nasikia wengine walipiga magoti!

"Kisha mambo yakabadilika. Vita kuu mbili zikapita. Katika vita ya pili hata chakula cha kuku kikawa cha mgawo. Amani iliporudi, watu wakabaki na maswali mawili tu. La kwanza: kuku huyu anataga mayai mangapi? La pili: atafaa kuliwa baada ya muda gani? Kukaletwa kuku wa biashara, wale mnaowaita wa kisasa. Mmoja anataga mayai karibu 300 kwa mwaka. Mwingine anakuwa tayari kwa sufuria katika wiki sita hivi. Mimi sifiki huko. Mimi nataga ninavyotaga, nakua ninavyokua. Basi banda moja likafungwa, na jingine likafungwa. Tukapungua. Tukapungua tena.

"Lakini kabla ya hayo, mwaka 1902, mama mmoja aitwaye Lady Violet Carnegie alikuwa amechukua wenzetu kadhaa akawaleta Kenya."

"Walikuja kwa ndege, Bi Mfupi?"

"Ndege gani, mjukuu wangu? Ndege ya injini ya ndugu Wright iliruka mara ya kwanza mwaka 1903. Mwaka mzima baadaye! Watu wa siku hizo walipanda meli, wakapita mfereji wa Suez, wakateremka na Bahari ya Shamu, wakatia nanga Mombasa. Reli ya kwenda ziwani ilikuwa mpya kabisa, ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Fikirini sasa. Kuku waliozoea manyunyu ya Uskoti, mara jua hili!

"Wakakaa. Wakataga, wakaangua, wakazeeka, wakaacha watoto. Watoto nao wakaacha watoto. Miaka kama sabini ikapita.

"Miaka ya 1970 wafugaji wa Uskoti walitazama mabandani mwao, wakashtuka. Tulikuwa tumebaki wa kuhesabu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kule Kenya kizazi cha wale kuku wa Lady Violet bado kipo hai. Wachache wakafungishwa safari, wakarudishwa Uskoti kuungana na ndugu zao. Na mimi hapa ni wa kizazi hicho."

Miguu mifupi, safari ndefu. Asante, Bi Mfupi. Pumzika kidogo, unywe maji.

"Mjomba, lakini kwa nini walihangaika kwenda kuwatafuta Kenya? Si wangewaacha hao wachache wazaane? Kuku wetu mmoja ameangua vifaranga kumi mara moja."

Hilo ni swali la mfugaji mkongwe! Natamani wakubwa wengi wangeuliza hivyo. Jibu lake limo ndani ya yai. Nami nitalieleza kwa kibuyu cha maharage.

Kila kuku amebeba ndani yake maharage mawili ya miguu. Moja alipewa na baba, moja alipewa na mama. Kuna harage jekundu, linasema, "Miguu iwe mifupi." Kuna harage jeupe, linasema, "Miguu iwe mirefu." Kuku mwenye meupe mawili ana miguu mirefu, hilo rahisi. Kuku mwenye jekundu moja na jeupe moja ana miguu mifupi, kwa sababu jekundu lina sauti kubwa zaidi. Bi Mfupi yuko hivyo. Jekundu moja, jeupe moja.

"Na mwenye mekundu mawili? Atakuwa mfupi zaidi?"

Ungedhani hivyo. Mimi pia ningedhani hivyo. La, mwanangu. Mwenye mekundu mawili haanguliwi.

Harage jekundu lina kasoro. Kuna kazi ya kuujenga mwili wa kifaranga ambayo jekundu haliiwezi. Jeupe likiwepo hata moja, huifanya kazi hiyo peke yake. Kifaranga anaishi, ila mifupa ya miguu hairefuki vizuri. Jeupe lisipokuwepo kabisa, kazi hiyo haina mfanyaji. Kiini cha uhai kilichoanza kukua ndani ya yai hufika siku ya tatu au ya nne, kikasimama.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Kuku akiwa ameatamia siku saba hivi, mngojee usiku. Mwombe mkubwa akusaidie kutoa yai moja taratibu. Zima taa. Shika tochi, ielekeze kwenye upande mnene wa yai. Yai litawaka mkononi mwako.

Yai lisilo na mbegu litaonekana la manjano, angavu, halina kitu. Yai lenye kifaranga anayekua litakuwa na doa jeusi, na kutoka kwenye doa hilo mishipa myekundu, myembamba sana, imetawanyika pande zote. Tulia, usipumue kwa nguvu. Doa linacheza! Na kuna yai la tatu. Halina mishipa, halina kinachocheza. Lina pete nyekundu tu, imelala ndani, kimya. Pete hiyo ya damu inasema kwamba uhai ulianza, ukakoma mapema. Rudisha mayai haraka yasipoe, mama yao asije akayakataa.

Kuku wa aina yoyote anaweza kuwa na yai lenye pete ya damu. Yai kupoa, yai kutikiswa, mambo ni mengi. Lakini mfugaji wa Scots Dumpy akipandisha jogoo mfupi kwa mtetea mfupi, pete hizo haziishi. Jogoo anatoa jekundu au jeupe. Mtetea anatoa jekundu au jeupe. Hesabu kwa vidole. Katika mayai 12, kwa wastani matatu yamepata mekundu mawili, hayaanguliwi. Sita yamepata jekundu na jeupe, hao ni vifaranga wafupi. Matatu yamepata meupe mawili, hao ni vifaranga warefu. Mfugaji hana kosa. Kuku hana kosa. Hesabu ndiyo ilivyo.

"Nani aliligundua hilo, Mjomba?"

Watu waliopenda kuhesabu, mwanangu. Wa kwanza alikuwa mtawa aitwaye Gregor Mendel. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake, akahesabu za kijani na za manjano, za duara na za mikunjo, akaandika alichokiona mwaka 1866. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kanuni ya njegere za Mendel inafanya kazi hata kwa kuku. Ndiyo, 1902! Mwaka uleule kuku wa Uskoti walipoletwa Kenya. Kisha mwaka 1930, huko Marekani, Walter Landauer na L. C. Dunn wakaeleza habari za kuku wa miguu mifupi na mayai yao yasiyoanguliwa. Walichofanya wote hao, nawe unakiweza. Waliuliza, wakahesabu, wakaandika.

"Basi wafugaji wafanyeje? Kila mara robo ya mayai ipotee?"

Hapa ndipo penye utamu wa hadithi yetu. Dawa ilikuwa bandani mwao siku zote, ila hawakuipenda.

Mnawakumbuka wale vifaranga watatu warefu? Baba yao mfupi, mama yao mfupi, wao wenyewe miguu mirefu. Kwenye maonyesho ya kuku, mrefu hapewi tuzo. Jaji akimwona hupita kana kwamba hakuona kitu. Basi rahisi kusema, "Huyu si wa ukoo. Auzwe. Achinjwe." Nanyi mngesema hivyo, sivyo?

Sasa hesabuni tena. Mpandishe jogoo mrefu kwa mtetea mfupi. Jogoo mrefu ana meupe mawili, kwa hiyo kila kifaranga atapata jeupe kwake. Hakika kabisa. Kwa mama atapata jekundu au jeupe. Nani atapata mekundu mawili? Hakuna! Nusu ya vifaranga watakuwa wafupi, nusu watakuwa warefu, na hakuna atakayekufa kwa ajili ya maharage ya miguu. Bi Mfupi, ongeza neno.

"Mume wangu ana miguu mirefu. Nilipoolewa naye majirani walinicheka. Wakasema, 'Bi Mfupi umepotea, hilo ni korongo.' Sikuwajibu. Nikaatamia siku zangu 21. Nikawaita nikawaambia, 'Hesabuni vifaranga wangu, kisha mhesabu wenu.' Toka siku hiyo wanampisha mume wangu njiani."

Mmesikia? Ukitaka kumtunza kuku mfupi, mtunze na ndugu yake mrefu. Ukiwachagua wanaopendeza machoni tu, unaupunguza ukoo kwa mkono wako mwenyewe.

"Sawa, Mjomba. Lakini hujanijibu. Kwa nini wa Kenya?"

Ewe mtoto, husahau! Vema, usisahau. Turudi kwenye kibuyu.

Nilizungumzia maharage ya miguu tu. Kuku ana maharage mengine maelfu. Yapo ya rangi. Yapo ya utagaji. Yapo ya kuvumilia ugonjwa. Yapo ya kutulia juu ya mayai. Ukoo mzima wa kuku ndio kibuyu kilichojaa maharage ya kila rangi. Kuku wakiwa wengi, kila rangi ina wa kuibeba. Wakifa wengi, kibuyu kimemwagika. Yaliyobaki ndani ni machache, na rangi nyingine zimepotea. Utawafuga hao wachache mpaka wajaze uwanja, lakini rangi zilizopotea hazitajiunda zenyewe.

Kisha kuna jambo la pili. Wakibaki wachache, wote ni ndugu. Kaka anampanda dada, baba anampanda binti. Karibu kila kuku amebeba maharage mabaya yaliyojificha, yasiyo na madhara yakiwa peke yake. Ndugu wamerithi mabaya yaleyale, kwa hiyo wakizaana mabaya hukutana. Ndipo unaona mayai viza mengi, vifaranga dhaifu, jogoo anayewika vizuri lakini hazalishi.

Sasa waone wale wa Kenya. Mwaka 1902, kabla kibuyu cha Uskoti hakijamwagika, mtu alichota maharage kidogo akayaweka katika kibuyu kingine, mbali. Hakujua anafanya akiba. Miaka sabini baadaye kibuyu cha kwanza kilikuwa karibu kitupu, na cha pili bado kina kitu. Wafugaji wakamimina kidogo kutoka huku, kikachanganyika na kilichobaki kule. Wazee wetu hawaweki mbegu yote pahali pamoja. Panya akivamia kibuyu kimoja, kipo kingine.

Hivyo ndivyo kuku hawa walivyopona. Pia Uingereza kuna shirika liitwalo Rare Breeds Survival Trust, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hufuatilia mifugo ya asili iliyo hatarini. Wafugaji wa Scots Dumpy wana chama chao, wanabadilishana majogoo na mayai ya kuangulisha, ili damu isizunguke mahali pamoja. Kuku hawa bado ni adimu. Lakini wapo.

"Mjomba, si tungewagandisha tu kwenye friji?"

Mnacheka? Msimcheke. Ameuliza jambo ambalo wanasayansi wameumiza vichwa miaka mingi.

Mbegu ya ng'ombe inagandishwa, na hata kijusi chake kichanga kinagandishwa. Yai la kuku halikubali. Kiini chake ni kikubwa mno, ukiligandisha linaharibika. Hapo ndipo Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh huko Uskoti, ikaingia. Ndiyo taasisi alikozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996. Watafiti wa Roslin walisema: tusiligandishe yai, tugandishe kile kitakacholeta mayai. Katika yai lililoatamiwa siku tatu hivi, ndani ya damu ya kijusi, zinasafiri chembe ndogo sana ambazo baadaye zitakuwa mayai au mbegu za kiume. Wanazitoa, wanazikuza, wanazihifadhi kwenye naitrojeni ya majimaji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zinalala miaka na miaka.

"Zikiamka zinafanya nini?"

Zinatiwa ndani ya yai la kuku mwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Roslin walitangaza kwamba wamepata mitetea wa kubeba kazi hiyo. Mitetea hao hawawezi kutaga mayai yao wenyewe. Wakipewa chembe za kuku wa ukoo mwingine, wanataga mayai ya ukoo huo! Mama wa aina moja, mtoto wa aina nyingine. Na kazi hii imefika Nairobi. Roslin inashirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, na kuku wa kienyeji wa Afrika nao wanatafutiwa nafasi katika baridi ile. Ona njia ilivyo ileile: Uskoti na Kenya, Kenya na Uskoti.

"Basi tumgandishe Bi Mfupi, yeye akapumzike."

"Nani agandishwe? Mimi? Nateremka mkekani sasa hivi!"

Kaa, Bi Mfupi, kaa. Hakuna anayekugandisha. Wanangu, chembe iliyolala kwenye baridi ni akiba nzuri, lakini inahitaji umeme, fedha na mafundi. Kuku anayeishi uani anakutana na magonjwa ya leo na jua la leo, na watoto wake wanabadilika kidogo kidogo kuyamudu. Akiba ya baridi na kuku wa uani, vyote viwili vinahitajika.

"Mjomba, kuku hawa ni wa Uskoti. Sisi tuna nini?"

Nilikuwa nalingojea swali hilo! Tokeni uani mtazame. Huyo jogoo mrefu, shingo juu, anayetembea kama mwenye nyumba, ni kuchi. Huyu asiye na manyoya shingoni ni kishingo. Upara huo unamsaidia kutoa joto mwilini jua likiwaka. Yule mwenye manyoya yaliyogeuka na kusimama ni kidimu. Asiye na mkia ni bukini. Kila mmoja amebeba maharage yake. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watafiti wamewachunguza kuku wetu wa kienyeji kutaka kujua kwa nini baadhi yao wanavumilia ugonjwa wa kideri kuliko wenzao. Hawakutafuta jibu kwa kuku wa dukani tu. Walikuja kwa hawa wa uani.

Lakini hawa nao wanaweza kwisha, tena kimyakimya. Kideri kikiingia kijijini, kinafagia banda zima kwa siku chache. Jogoo wa kisasa akiletwa apande mitetea wote wa mtaa, baada ya vizazi kadhaa wote wanafanana. Hakuna aliyefanya ubaya. Ila siku moja mtu anauliza, "Wale kishingo wa bibi wako wapi?" na hakuna wa kumwonyesha.

Kwa hiyo nina kazi kwenu, nyinyi mlioniuliza maswali mazuri jioni nzima.

Chukueni daftari. Andikeni kuku wa nyumbani ni wangapi, majogoo ni wangapi, kila mmoja ana sura gani. Mwulizeni bibi walikotoka, maana yeye anajua nani alipewa zawadi ya mtetea na nani. Ikiwa jogoo wenu ni mmoja, na ndiye baba wa mitetea wote, mwambieni baba mbadilishane jogoo na watu wa kijiji cha mbali kidogo. Mkiwapata kuku wa aina iliyoadimika, msiwaweke wote nyumba moja. Mpe shangazi jozi moja. Mpe rafiki jozi nyingine. Na mkumbusheni mama chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Tone moja tu, wala kuku halii.

Na sikukuu ikikaribia, ukamwona jogoo amefungwa miguu karibu na jiko, mchunguze vizuri kabla maji hayajachemka. Uliza, "Wapo wengine kama huyu?" Wakikujibu, "Ni huyu tu aliyebaki," basi mfungue kamba, umwombe bibi achinje mwingine. Akikukasirikia, mwambie Mjomba ndiye aliyekutuma.